Mkamwana wa Itundulu

Mlango wa jiko ulikuwa umekataa kufunga. Ndiyo habari aliyopigiwa simu Faustina asubuhi ile akiwa ofisini, chai yake bado ya moto. Wifi yake Atuganile, aliyeishi na baba yake mlimani Itundulu, aliisema kwa sauti ya mtu anayemlalamikia fundi. Jana mlango ulifunga vizuri, leo umeng'ang'ania kwenye fremu, na chemchemi iliyo nyuma ya migomba inatoa maji mekundu. Akauliza kama ni mbao tu zimevimba kwa mvua.

Mbao huvimba, ni kweli, na mvua ilikuwa imenyesha Mbeya mpaka watu wakachoka kuizungumzia. Lakini ukuta ukisogea, mlango ndio wa kwanza kusema, na maji ya chemchemi hayabadiliki rangi bila ardhi kuchanika mahali. Faustina aliuliza jambo moja tu, baba yuko wapi. Yuko ndani kitandani, akajibu Atuganile, hajambo.

Faustina alikuwa mratibu wa maafa wa halmashauri, kazi ambayo watu hawajui kama ipo mpaka siku wanapoihitaji, na siku hiyo huilaumu. Alikuwa Mhehe, mzaliwa wa Iringa. Ajira yake ilianzia huko, kwenye moto wa mashamba ya miti Mufindi, ambako alimwona mama mmoja aliyekwisha kuokolewa akirudi ndani kuchukua godoro. Hakutoka tena. Iringa Faustina aliogopa moto, na alipoolewa na kuhamia Mbeya akaanza kuogopa maji. Wenzake walimwona mchapakazi, wakamsifia mipango yake na mazoezi ya uokoaji aliyowalazimisha kufanya juani. Kumbe mwenzao alikuwa mwoga tu, na woga ndio uliomwamsha kila alfajiri kusikiliza bati.

Aliiacha chai, akaenda kwa mkuu wake wa idara, Bwana Shedrack.

Bwana Shedrack hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebakiza muda mfupi kustaafu, na mtu wa namna hiyo hapendi kusikia habari za milima. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasogeza pazia.

"Mwaka jana ulituambia mlima unaanguka, Madam Faustina," akasema. "Upo. Nauona kutoka hapa."

Ulikuwepo kweli. Mwaka jana aliwahamisha watu wote wa mtaa wa Itundulu, ule ulioning'inia kwenye mteremko juu ya Ilomba, akawalaza kwenye madarasa ya shule ya msingi iliyo tambarare, ng'ambo ya barabara. Mlima haukuanguka hata kokoto. Wezi ndio walioshuka, wakazoa mabati, majiko na kuku, na watu waliporudi wakapata wa kumchukia. Wakampa jina la Mama Ondokeni. Hata watoto wa shule walimwita hivyo akipita, na yeye alijifanya hasikii.

Bosi akamuuliza kama safari hii ana uhakika. Faustina akasema hana, kwa kuwa mwenye uhakika ni Mungu, yeye ana dalili. Bosi akasema dalili haziandikiki. Akamruhusu kutoa tahadhari, siyo amri, anayetaka aondoke na asiyetaka abaki. Gari la idara lilikuwa limekwenda kupokea wageni. Alipofika mlangoni, bosi akamkumbusha kwa upole kwamba jina lake liko kwenye kikao cha kupandishwa cheo, na jina likichafuka mara mbili halisafishiki.

Faustina akachukua kipaza sauti kabatini, akapanda bodaboda.

*

Nyumba za chini zilimsikia. Zilikuwa za wapangaji, watu wasio na migomba wala makaburi pale, nao walifunga mabegi wakashuka wakinung'unika. Shida ilikuwa juu. Nyumba za juu zilimtazama Mama Ondokeni akipanda kwenye tope, viatu mkononi, na vijana wakamuuliza kama mwaka huu wezi wamemlipa vizuri. Akacheka nao kidogo, akaendelea kupanda.

Jofrey, jirani aliyekuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, ndiye aliyesema walichokuwa wanakifikiria wote. Aliunyoosha mkono kuelekea nyumba ya mwisho, ile iliyo juu kabisa, chini tu ya ukingo wa mlima, ambako moshi ulikuwa unatoka jikoni taratibu.

"Mama, baba mkwe wako bado anapika," akasema. "Yeye akizima moto, na sisi tunazima."

Mwenye moshi ule aliitwa Mzee Anania. Sisi tunaweza kumtaja. Faustina hakuwahi kulitamka jina hilo tangu aolewe, wala kumtazama usoni, wala kumpa mkono, wala kukaa naye chumba kimoja. Wanyakyusa wanaoshika mila ndivyo wanavyoishi na wakwe zao. Mkamwana akimwona baba mkwe anakuja njiani, anachepuka. Akiwa na neno naye, analipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama wote watatu wanasikilizana. Siku hizi wapo waliolegeza, wanasalimiana kanisani na maisha yanaendelea. Lakini Faustina alikuwa mgeni, Mhehe, na mgeni hana ruhusa ya kulegeza. Alijifunza mila ile kwa bidii kuliko binti yeyote wa Tukuyu, mpaka wazee wakawa wanawasema wakamwana wao kwa mfano wake. Mzee Anania alijivunia jambo hilo kuliko mabati yake. Katika ukoo ule, heshima ndiyo mahari pekee ambayo Faustina alikuja nayo mwenyewe.

Na heshima hiyohiyo ndiyo iliyomponza mwaka jana. Alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa akiwahesabu watu wanavyoingia. Akaona ncha ya koti la mzee inakaribia, akafanya anachofanya mkamwana mwenye adabu, akageuza uso ukutani ili apite. Mzee naye akafanya anachofanya mkwe mwenye adabu, hakupita. Faustina akahesabu kwamba ameingia. Mzee Anania akakesha barazani, mvua ikimpiga ubavuni, kwa kuwa ndani alikuwemo mkamwana wake na hakuona pa kukaa. Wiki ile ile akalazwa kwa kichomi. Waliposimuliana hospitali hakuna aliyemlaumu Faustina, na kutolaumiwa kule kulimuuma zaidi.

*

Alisimama nje ya ua wa migomba, mgongo kwa nyumba, na Atuganile akasimama mlangoni na tumbo lake la miezi ya mwisho, akipokea maneno huku na kuyapeleka kule. Faustina akasema baba aambiwe kwamba ardhi inasogea. Sauti ya mzee ikatoka ndani, nzito, ikisema mkamwana aambiwe kwamba baba ameisikia ardhi ile tangu yeye hajazaliwa. Faustina akasema safari hii darasa la wazee liko peke yake, yeye hatakanyaga. Mzee akasema anashukuru, ndaga, ila hatoki. Mkewe amelala nyuma ya migomba, nani atabaki naye?

Hoja ya kaburi haina jibu, na mzee alijua. Faustina akampigia mumewe.

Isaka alikuwa Madibira kwenye mpunga, na barabara ilikuwa imekatwa na maji. Sauti yake ilikuja na kupotea. Alimpigia baba yake, baba akasema ndiyo mwanangu, nimesikia mwanangu, na moshi wa jiko ukaendelea kutoka vilevile. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Isaka akapiga tena kwa mkewe.

"Usiingie ndani kwa baba," akasema. "Nakujua ukiogopa. Maji yakipungua nakuja kumshusha mwenyewe. Ukimgusa, mimi kwenye ukoo nitasema nini?"

Faustina akasema atasubiri. Na kweli alisubiri, akizunguka kutoka nyumba hadi nyumba na kipaza sauti, akiwabembeleza watu waliokuwa wanautazama moshi. Alimwomba Jofrey waende wanaume wawili wambebe mzee hata kwa nguvu. Jofrey akashtuka kama ameambiwa aibe. Mzee hajaniita, akasema, mimi nitamshikaje mtu mzima ambaye hajaniita?

Alasiri Faustina alipanda hadi kwenye ukingo, nyuma ya kaburi. Nyasi zilikuwa zimeachana. Ufa ulipita katikati ya shamba la viazi, mwembamba, nadhifu, ukiwa umekata tuta moja baada ya jingine kwa usawa. Akaingiza ukuni mrefu uliokuwa umeangushwa pale. Ukaingia wote, na mkono wake mpaka kwenye kiwiko. Chini huko alihisi ubaridi, na kitu kama mtu anayesaga meno.

Alishuka mbio. Hakukumbuka baadaye kama alilia. Alikumbuka kwamba alipita ua wa migomba bila kugeuza mgongo, akampita Atuganile aliyenyoosha mkono kumzuia, akaingia.

Mzee Anania alimwona, akageukia ukutani na kuvuta blanketi mpaka kichwani. Blanketi lilikuwa fupi. Likafunua miguu.

Faustina akaitazama. Ilikuwa imevimba, imejaa maji, ngozi inang'aa, vidole vimezama. Miguu ile haikuwa imetembea kwa muda mrefu. Halikuwa suala la kaburi wala la ardhi aliyoisikia tangu mkamwana hajazaliwa. Mzee alikuwa hawezi kutoka. Tangu kichomi kile hakurudi kuwa mzima, na mkamwana wake aliyemletea sukari na majani ya chai kila Jumamosi, akiyaacha uani na kuondoka kwa adabu, hakujua, kwa kuwa hakuwahi kutazama.

"Alinikataza nisiseme, wifi," Atuganile akasema nyuma yake, akilia. "Alisema mtaanza kumbeba kama mtoto."

"Mwambie atoke," mzee akasema ndani ya blanketi, kwa binti yake. "Mwambie aniache nife na heshima yangu."

"Mwambie anisamehe," Faustina akasema, naye kwa Atuganile, kwa kuwa hata hapo hakujua kuongea naye vingine.

Akapiga magoti kando ya kitanda, akamvuta mikono yote miwili na kuipitisha mabegani mwake. Mzee alikakamaa mwili mzima kwa aibu. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Atuganile akawafunga kwa kitenge, kiunoni na kifuani, kama anavyofungwa mtoto mkubwa anayepelekwa zahanati.

Na hapo ndipo lilipotokea ambalo kipaza sauti kilishindwa. Watu wa nyumba za juu walimwona Faustina, mkamwana wa mfano, akitoka mlangoni na baba mkwe wake mgongoni, kichwa cha mzee kimefunikwa blanketi, miguu yake iliyovimba ikining'inia mbele ya kila mtu. Hakuna aliyecheka. Marta, aliyekuwa anamenya ndizi barazani, aliachia kisu. Akaingia ndani akambeba mtoto wake, akaanza kushuka bila kufunga mlango. Kama huyu amemshika yule, basi ya dunia yamekwisha. Wakashuka wote nyuma yake kimya, kama watu wanaosindikiza jeneza, na Jofrey akawafungua ng'ombe wake akawaswaga mbele.

*

Usiku ulipita na mlima haukuanguka.

Asubuhi kukatoka jua, jua zuri la baada ya mvua, mteremko wote ukametameta. Nyumba zilikuwa pale pale. Watu walisimama uwanjani mwa shule wakizitazama, kisha wakamtazama Faustina, kisha wakaanza kunong'ona. Bwana Shedrack alipiga simu. Hakugomba, angegomba ingekuwa afadhali. Alisema picha ya mratibu akiwa na mzee mgongoni imezunguka kwenye magrupu mpaka kwa mkurugenzi, na mkurugenzi ameuliza kama huo ndio utaratibu mpya wa uokoaji.

Isaka alifika akiwa na tope mpaka mapajani. Alimpita mkewe, akaenda kwa baba yake aliyekuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni mwa darasa la wazee, amejifunika blanketi kichwani tangu jana, hajala, hajasema. Akachuchumaa pale muda mrefu. Aliporudi kwa Faustina alikuwa na macho mekundu.

"Ungenisubiri," akasema, basi. Faustina alijua kwamba mlima usipoanguka, neno hilo watakula nalo na kulala nalo mpaka uzeeni.

Jua lilipopanda, Jofrey akasema ng'ombe wanataka majani na majani yako juu. Marta akasema hakufunga mlango. Mwingine ana mkungu umeiva. Wakaanza kukusanyana, mmoja akimvuta mwingine, na Faustina akaiona Mufindi, akamwona yule mama wa godoro. Akakimbilia njiani akasimama mbele yao, akapandisha kipaza sauti. Betri zilikuwa zimekwisha. Akapiga kelele kwa mdomo wake, akawaambia habari ya ufa, akaonyesha mkono ulivyozama. Wakamzunguka kwa upole, kama watu wanavyomzunguka mgonjwa, wakaendelea.

"Jofrey."

Sauti ilitoka kwenye mkeka. Mzee Anania alikuwa amelivua blanketi. Wengi hawakuwa wamemwona uso tangu alipougua, na walishangaa ulivyokwisha.

"Mkamwana wangu amenishika mbele yenu wote," akasema. "Mmeiona miguu yangu. Sasa nani anataka kupanda kule akarudi salama, ionekane kwamba alinishika bure?"

Alimtazama kila mmoja wao, mwanamume kwa mwanamke, na kila aliyetazamwa aliinamisha kichwa. Jofrey alijifanya anarekebisha kamba ya ng'ombe. Kisha akakaa chini, palepale kwenye majani yenye maji, na wengine wakakaa.

Faustina naye alikaa, peke yake, kwenye ngazi ya darasa. Mzee alikuwa ameweka juu ya mlima ule kila kitu alichobakiza. Ukiendelea kusimama hadi jioni, watu watapanda tu, na watarudi, na habari itakuwa kwamba mwanamke wa Iringa alimvua nguo baba mkwe wake mchana kweupe kwa sababu ya woga. Hatakuwa na kazi ya maana, wala mume wa kutazamana naye, na mzee hatakuwa na uso wa kufa nao. Akautazama mteremko. Aliuona moyo wake unasema kitu, akausikiliza, na akaogopa kuliko alivyoogopa moto wowote na maji yoyote. Yeye, mratibu wa maafa, alikuwa anasali. Alikuwa anamwomba Mungu mlima uanguke.

Ulianguka kabla ya adhana ya mchana. Haukunguruma walivyotarajia. Migomba ya nyuma ya nyumba ya juu ilianza kutembea, imesimama wima, majani yakipunga, ikateremka hatua kadhaa kwa utaratibu kabisa. Kisha ukingo wote ukaifuata. Paa la mzee likajikunja, la Jofrey likazama, la Marta likateleza mbali kidogo juu ya tope kabla ya kugeuka. Ikaja harufu ya udongo mbichi mpaka uwanjani. Baadaye kidogo yakaanza kusikika mawe madogo, yakidondoka moja moja mahali palipokuwa na mtaa.

Watu walilia. Walilia nyumba zao, kisha wakajipapasa, wakahesabu watoto, wakagundua wote wapo, wakalia upya. Marta alimkumbatia Faustina akamwambia Mungu ambariki. Jofrey alimshika mikono yote miwili. Isaka alisimama mbele yake akataka kupiga magoti, mkewe akamzuia. Simu ikaita, Bwana Shedrack, na sauti yake safari hii ilikuwa ya mtu anayetaka kupiga picha pamoja. Faustina aliwaitikia wote kwa kichwa. Kila shukrani ilimpiga kofi.

Watu walipopungua alikwenda nyuma ya darasa la wazee, akakaa chini, mgongo ukutani. Atuganile akamfuata akakaa kando yake akihema. Upande wa pili wa kona, kwenye mkeka, mzee alikuwa amekaa vilevile, hawaonani.

"Wifi," Faustina akasema polepole, "mimi niliomba uanguke. Nyumba zote zile. Nilimwomba Mungu auangushe."

Atuganile hakuwa na neno la kupeleka wala la kupokea. Wakasikia mzee anakohoa upande wa pili, akajikusanya, akapumua. Kisha akasema, bila kumpitia mtu yeyote:

"Na mimi niliomba hivyohivyo, mwanangu. Na mama yako alikuwa amelala kule."